Redio za mbao za zamani: utamu wa ile sauti unatoka wapi hasa?

#1 Mgosi wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Nimenunua Grundig ya mbao kwenye nyumba moja ya zamani hapa Tanga, wenyewe wanahama. Ni ya miaka ya 50, ina vitufe vyeupe vya kubonyeza, na kioo chake kina majina ya miji: Hilversum, Beromünster, Luxembourg, Athlone. Fundi wa mtaani kaifungua, kabadilisha vitu viwili vitatu, ikaimba.

Sasa swali. Nina sabufa ya kisasa, wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za kutosha kuendesha mashine ya kusaga. Nimeweka zote sebuleni, wimbo ule ule wa dansi kutoka kwenye simu, Grundig nikaipitishia kwenye matundu ya gramafoni kwa nyuma. Sabufa inapiga kelele. Grundig inaimba, yaani mwimbaji yupo chumbani. Fundi anasema ni mbao. Shemeji anasema ni valvu, zile chupa za kioo za ndani zinazokuza sauti. Mke wangu anasema ni ile pesa niliyotoa ndiyo inayoimba.

La pili: kuna kijana kanishauri ning'oe vyote vya ndani, niweke ampi ndogo na Bluetooth, libaki boksi. Moyo unakataa ila masikio yapo wazi.

#2 Mchaichai
Ng'oa mkuu. Valvu ikifa utaipata wapi, Kariakoo? Weka Bluetooth ule maisha.

#3 Fundi Sumaku
Mchaichai, kaa pembeni kidogo.

Mgosi, usiiwashe tena mpaka unijibu: hivyo "vitu viwili vitatu" ni vipi? Kwenye redio za umri huo kuna kapasita moja (kifaa kidogo kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja) inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa kuingilia, wa valvu ya mwisho, mara nyingi ya aina ya EL84. Zile za asili ni za karatasi iliyochovywa nta. Miaka sitini na kitu imepita, zinavuja. Ikivuja, volti chanya inaingia kwenye gridi, valvu inavuta umeme kupita kiasi, bati lake la ndani linakuwa jekundu, na baada ya hapo transfoma ya spika inaungua. Wakati wote huo redio inaimba vizuri tu, wewe unafurahi. Kapasita hiyo ni ya bei ya soda. Transfoma siyo.

Halafu tazama nyuma, kuna kichagua-volti. Za Ujerumani nyingi huja zimewekwa 220. Ikiwa ina nafasi ya 240, iweke hapo, umeme wetu unajulikana kwa kupanda.

Na kwa wengine wote wanaosoma: redio iliyokaa stoo miaka mingi haichomekwi moja kwa moja ukutani. Unga balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwenye mfuatano na waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea.

Kuhusu utamu: ni valvu. EL84 moja peke yake inaongeza kwenye sauti mapacha ya noti ile ile, oktavu ya juu yake. Sikio linapokea hilo kama joto. Transista ikizidiwa inakata tu.

#4 Baharia Mstaafu
Uzi mzuri huu. Naweka kiti.

#5 Bi Mkubwa wa Shangani
Mie sijui EL wala nini, lakini nimekua na Philips ya mbao nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mtoto hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Alaasiri wanaume walikuja barazani, dirisha linafunguliwa, redio inaelekezwa nje. Marehemu babu akisikiliza Kairo, na yeye alikuwa akisema Waingereza hawataki tusikilize, ndiyo maana lazima tusikilize. Radio Cairo walianza Kiswahili 1954, BBC wakafuata 1957. Babu alidai hilo halikuwa sadfa.

Sauti ile ilijaa njia nzima na wala haikuwa kubwa. Sasa mniambie ni valvu, sawa, lakini ile sebule ilikuwa na dari refu na kuta nene za mawe. Mmeihesabu hiyo?

#6 Kisumu Ndogo
Niaje wadau, Mombasa hapa. Bi Mkubwa amegusa kitu. Mimi nakusanya za Waingereza, Murphy na Pye sana sana, na nasimama na fundi wa Mgosi: ni mbao. Murphy walikuwa na wasanifu wa fanicha kabisa, ukoo wa Russell, kuchora yale makabati. Huyo si mtu wa kufunga spika ndani ya kasha la plastiki. Gonga ubavu wa Murphy kwa kidole halafu gonga hiyo sabufa yako. Mbao inaitikia.

Yangu moja ilikuja na risiti ya leseni ya redio ndani ya bahasha, imebandikwa kwa nyuma. Vijana hawaamini ukiwaambia kuna siku ulilipia serikali ndiyo usikilize redio.

#7 Fundi Sumaku
@Kisumu Ndogo, kabati likiitikia hilo ni kosa, si sifa. Spika nzuri inatakiwa boksi lake linyamaze. Na angalia nyuma ya redio hizo: kadibodi yenye matundu. Ziko wazi. Besi inayotoka nyuma inazunguka na kuiua ya mbele. Kwa hesabu za kitabu, redio ya mbao haikutakiwa kuwa na besi kabisa.

#8 Kisumu Ndogo
Na bado iko nayo. Kwa hivyo kitabu ndicho kina shida, boss.

#9 Mswahili wa Leipzig
Habari za huko. Ngoja niwagombanishe zaidi.

Besi inakuwepo kwa sababu wahandisi walijua inapungua, wakaiongeza makusudi. Kitasa cha sauti cha redio nyingi za Kijerumani za miaka ile si rezista ya kawaida, kina miguu ya ziada katikati. Ukipunguza sauti, mzunguko unapandisha besi na noti za juu kidogo, kwa kuwa sikio la binadamu husahau besi kwanza sauti inapokuwa ndogo. Ndiyo maana Grundig ya Mgosi inasikika imeshiba hata ikiwa chini. Si mbao wala si valvu, ni kitasa. Sabufa yake ingewekewa hicho ingebadilika.

Kisha kuanzia katikati ya miaka ya 50 wakaja na "3D-Klang": spika kubwa mbele, ndogo ubavuni kulia na kushoto. Sauti inagonga kuta za chumba kabla ya kukufikia. Bi Mkubwa hajakosea kuhusu kuta.

Huku masoko ya vitu vikuukuu yamejaa hizi redio, Nordmende, Loewe-Opta, Telefunken. Watu wanarithi na hawana pa kuweka. Saba Freiburg tu, zile zinazotafuta stesheni zenyewe kwa mota, ndizo wanazozing'ang'ania. Ukifika Fürth kuna makumbusho ya redio ndani ya jengo lililokuwa makao makuu ya Grundig. Huyo mzee Max Grundig mwaka 1946 aliuza redio ya kujiunganishia mwenyewe, Heinzelmann, bila valvu ndani, ili isihesabiwe kuwa redio na kukwama kwenye vibali vya baada ya vita. Mbongo kabisa.

#10 Mchaichai
Huyo Grundig angekuwepo leo angeweka Bluetooth.

#11 Mpare wa Mwembe
Naomba kuuliza. Redio ya babu yangu ilikuwa ya valvu, mbao, na kijijini hapakuwa na umeme. Ilitumia betri sita kubwa. Sauti ilikuwa tamu hivyo hivyo. Kwa hiyo kitasa cha Wajerumani hakihusiki, ni valvu. Namuunga mkono Fundi Sumaku.

#12 Fundi Sumaku
Asante kwa kura, lakini siichukui. Betri sita za kawaida ni volti 9. Hiyo ilikuwa transista ndani ya boksi la mbao. Miaka ya 60 zilitengenezwa nyingi hivyo, mbao haikuondoka siku moja na valvu.

Redio ya valvu ya betri ilihitaji betri ya aina mbili: volti 1.5 ya kuwasha nyuzi za valvu, na volti 90 kwa kazi yenyewe. Hiyo ya 90 ilikuja kama pakiti moja nzito. Valvu zake ni DK96, DF96, DAF96, DL96. Fungua usome.

#13 Mpare wa Mwembe
Babu alishaiuza. Lakini nakumbuka joto lake! Ilipata moto.

#14 Baharia Mstaafu
Valvu za betri hazipati moto wa kukumbukwa mdogo wangu. Ilikuwa juani hiyo.

#15 Dada Mkaguzi
Kwenye juani hapo mmenikumbusha kuanika betri bati juu. Nani hakufanya? Baba alizing'ata kwanza. Ikifika taarifa ya habari na matangazo ya vifo lazima betri ziwe zimeshaamka. Ukizichezea kwa muziki mchana utajuta.

#16 Mpare wa Mwembe
Sisi tulizichemsha.

#17 Mswahili wa Leipzig
Msichemshe, zinapasuka. Joto linaharakisha kemia ya ndani, betri inatoa kidogo kilichobaki kisha inakufa moja kwa moja. Kung'ata kulikuwa kunasogeza kaboni na rojo la ndani vikutane upya. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga, ila meno yao ndiyo yaliyolipa.

#18 Mgosi wa Ngamiani
Nimerudi. Fundi kabadilisha kapasita mbili za makopo tu, zile za kuzuia mngurumo. Hiyo ya EL84 hajaigusa. Nimezima, nasubiri kapasita. Asante Fundi Sumaku, umeniokolea kitu.

Kitambaa cha spika kilikuwa kimeoza, mke wangu kaweka kipande cha kanga. Naomba msicheke.

#19 Dada Mkaguzi
Imeandikwaje?

#20 Mgosi wa Ngamiani
"Usisafirie nyota ya mwenzio."

#21 Bi Mkubwa wa Shangani
Hahaha! Shemeji yako kapata ujumbe wake.

#22 Seremala wa Chang'ombe
Mgosi, hapo kwenye kitambaa kuna jambo pia. Kitambaa cha asili kilikuwa cha nyuzi zilizoachana, ukikishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kanga imefumwa kwa kubana zaidi. Ukali wa juu unapungua, sauti inakuwa laini. Inawezekana sehemu ya "utamu" unaousikia ni kanga.

Ila mimi nataka kuzungumzia kabati, maana naona mmeshikana na umeme wakati watu wanaua mbao kila siku. Hizo redio si mbao nzima. Ni plaiwudi iliyobandikwa ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu, mara nyingi mjozi, isiyofika hata milimita moja. Nimeletewa Telefunken ambayo mtu aliipeleka kwa fundi wa vitanda, akapewa mashine ya msasa. Pembe zote mbili ngozi imekwisha, plaiwudi nyeupe inakuchungulia. Hapo hakuna dawa, ni kutafuta ngozi nyingine inayofanana, na haifanani.

Kama vanishi imepauka, jaribu kwanza kusafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini. Uchafu wa moshi wa jikoni na sigara ndio unaoonekana kama vanishi imekufa. Ngozi iliyobanduka kwa unyevu wa pwani irudishe kwa gundi na pasi ya uvuguvugu, weka karatasi katikati, kisha kibanio usiku mzima. Zile ambazo mng'ao wake umepasuka kabisa unazikwangua kwa mkono, taratibu, kwa kufuata mistari ya mbao.

Vitundu vya bungua: ukiona unga mpya chini ya redio, bado wapo. Dawa kwa sindano tundu kwa tundu, na uitenge na redio nyingine.

Na kioo cha stesheni USIKIOSHE kwa ndani. Maandishi yamechapwa upande wa nyuma, yameshikwa na Mungu tu. Spiriti kidogo, Luxembourg na Hilversum zinaondoka na pamba.

#23 Kisumu Ndogo
Hii post ibandikwe ukutani. Kuna jamaa alinitumia picha ya Ekco ya duara, anauliza avanishi na nini. Ile si mbao, ni bakelaiti, plastiki ya zamani.

#24 Baharia Mstaafu
Kwa vanishi, mababu zetu walikuwa wanauza sandarusi, utomvu wa miti uliogeuka mgumu, iliyochimbwa ardhini huku pwani, inapitia Unguja, inafika mpaka Salem kule Marekani karne ya 19, inafanywa vanishi ya magari ya farasi na fanicha. Kisha mbao zinarudi kwetu zimeng'aa tunaambiwa ni za Ulaya.

#25 Seremala wa Chang'ombe
Redio za miaka ya 50 hazikupakwa sandarusi mzee wangu, ni laka ya kiwandani. Lakini hoja yako naipenda.

#26 Mtoto wa Maskati
Assalaam alaykum. Nafuatilia nikiwa Oman. Hapa kwetu ipo Philips ya marehemu baba, ilitoka Unguja na familia. Ilikuwa na sauti ya kushangaza, kuliko hizo zote mnazozitaja. Spika ikachanika, fundi mmoja huku akaweka spika mpya ya omu 8, nzuri, ya gari. Tangu hapo inanong'ona tu. Kabati ni lile lile, valvu ni zile zile. Kwa hiyo mie nasema: ni SPIKA.

#27 Fundi Sumaku
Wa alaykum salaam. Tazama nyuma au kwenye chasisi: kuna EL86 mbili? Spika ya zamani imeandikwa 800?

#28 Mtoto wa Maskati
Naam! Z 800. Umejuaje?

#29 Fundi Sumaku
Hiyo ni mojawapo ya Philips zisizo na transfoma ya spika. Valvu zinaendesha spika ya omu 800 moja kwa moja. Ukiweka ya omu 8 ni shoti kabisa kwa valvu, shukuru inanong'ona na haijalia moshi. Izime leo. Ikiwa spika ya zamani hujaitupa, karatasi iliyochanika inazibwa kwa karatasi nyembamba ya kuchujia na gundi iliyochanganywa maji. Au tafuta transfoma ya kushusha kutoka 800 kwenda 8 uweke katikati.

#30 Mtoto wa Maskati
Ipo, mama haruhusu kitu cha baba kitupwe. Allah akulipe.

#31 Mswahili wa Leipzig
Ila @Fundi Sumaku, umeona umejifunga? Redio hiyo haina transfoma na ina valvu mbili zinazopokezana. Ule upacha wa noti uliousema #3 kwenye mpangilio huo kwa kiasi kikubwa unafutana wenyewe. Na bado mwenyewe anasema ndiyo tamu kuliko zote.

#32 Fundi Sumaku
Amesema mwenyewe, na ni ya marehemu baba yake. Heshima zote, lakini hapo kuna zaidi ya umeme.

#33 Mwalimu wa Fizikia
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Mnasahau kilichokuwa kinaingia kwenye redio. Mawimbi ya kati stesheni zimepangwa kwa nafasi ya kiloherzi 9, kwa hiyo sauti inaishia karibu na kiloherzi 4.5. Hakuna "sss" kali, hakuna msuguano wa juu. Na studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, maikrofoni chache, mono. Muziki ule ulitengenezwa kwa ajili ya redio zile. Piga Bongo Fleva ya mwaka huu kwenye Grundig uone kama utamu utabaki.

Halafu kuna kumbukumbu. Nyumba ilikuwa kimya, hapakuwa na friji inayonguruma wala bodaboda dirishani. Fanyeni jaribio: pazia, mtu asiyejua kipi kinapiga, sauti zilinganishwe kwa kipimo.

#34 Dada Mkaguzi
Mwalimu kaja kuvunja ndoa za watu.

#35 Mgosi wa Ngamiani
Kapasita imewekwa, balbu imefifia vizuri, redio inapumua. Nimefanya jaribio la Mwalimu. Pazia la chumbani, mke wangu, shemeji, mwanangu wa kidato cha pili na jirani.

Dansi la zamani: mke wangu, shemeji na jirani wakachagua Grundig. Dogo akachagua sabufa, anasema ile nyingine "imezibwa pua". Wimbo mpya: wote sabufa, isipokuwa mke wangu, kabaki na Grundig. Nikamuuliza, anasema alisikia harufu ya vumbi la moto likitoka nyuma ya pazia, akajua iko wapi.

#36 Mwalimu wa Fizikia
Jaribio limebatilika. Ulipima usawa wa sauti kwa nini?

#37 Mgosi wa Ngamiani
Kwa masikio.

#38 Mwalimu wa Fizikia
Basi. Chombo kilichozidi kidogo tu kwa ukubwa, watu huona ndicho kizuri. Rudia kwa programu ya kipimo kwenye simu.

#39 Fundi Sumaku
Au toa kanga kwanza.

#40 Kisumu Ndogo
Dogo ametuambia kitu lakini. "Imezibwa pua" ni kabati linaongea. Mbao!

#41 Mchaichai
Kwa hiyo mmemaliza kurasa zote hizi na simu bado imeungwa kwa waya? Kuna kipokezi kidogo cha Bluetooth, kinatoa sauti kwa waya. Kichomeke kwenye matundu hayo hayo ya gramafoni, kifiche nyuma. Hukati kitu, hung'oi kitu. Mlinifukuza #3 bure.

#42 Fundi Sumaku
Hilo nakubali, ulisema "ng'oa" lakini. Tahadhari moja: redio yenye valvu za herufi U, UCH81, UL84, UY85, chasisi yake imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usichomeke simu wala kipokezi humo, wala usiguse skrubu za chini ya vitasa. Zenye herufi E na transfoma kubwa ndani, kama ya Mgosi, ziko salama zaidi.

#43 Mpare wa Mwembe
Na FM je? Naona redio hizi zina kitufe cha UKW, yaani FM kwa Kijerumani, lakini baadhi ya stesheni hazipatikani.

#44 Mswahili wa Leipzig
Za zamani ziliishia megahezi 100, baadaye 104. Stesheni yako ikiwa juu ya hapo, imekupita. Wajerumani waliikimbilia FM 1949 kwa sababu mkutano wa Copenhagen wa mwaka uliotangulia uliwaachia mawimbi ya kati machache sana. Nyingi zilizoletwa Afrika hazikuwa na FM kabisa, ziliongezewa bendi za mawimbi mafupi badala yake.

#45 Bi Mkubwa wa Shangani
Kwa hivyo mwisho wake ni nini, mbao au valvu? Nataka kumjibu mjukuu.

#46 Seremala wa Chang'ombe
Mbao.

#47 Fundi Sumaku
Valvu, na transfoma yake.

#48 Mtoto wa Maskati
Spika. Nimeiziba ile ya zamani kwa karatasi mlivyosema, nimeirudisha. Mama kaja kutoka jikoni kuuliza nani kaja.

#49 Mwalimu wa Fizikia
Nasubiri kipimo cha Mgosi.

#50 Kisumu Ndogo
Wakati mnasubiri, nani ana EM84 ya ziada, lile jicho la kijani linaloonyesha stesheni imeshikwa sawasawa? Yangu imefifia kabisa. Nabadilisha na EL84 mbili za Kirusi, zile 6P14P, hazijatumika. Niko tayari kutuma kwa basi la Tanga.